Ofisi Iwe Wapi

Nianze na lililo kweli, maana nimechoka kulizunguka: nilikuwa na wivu. Si wivu wa mume. Mume sina, na wala sijalia kwa kumkosa. Nilimwonea wivu mwanamke mmoja wa mji mkubwa, mwenye miwani nyekundu, kwa sababu mdogo wangu alianza kumwita dada.

Dada ni mimi. Mama yetu alipofariki, mdogo wangu alikuwa darasa la sita, nami nilikuwa na miaka ishirini. Tangu siku hiyo mimi ndiye niliyemsuka nywele, mimi ndiye niliyekwenda kwenye vikao vya wazazi shuleni na kukaa mstari wa nyuma, mzazi wa kuokoteza, na mimi ndiye niliyemgombeza na kumbembeleza. Nyumbani tulimwita Chiriku, kwa sababu alianza kuongea kabla ya kutembea na tangu hapo hajapumzika. Neno "dada" kinywani mwake nililiona ni langu peke yangu, kama mswaki. Sasa nikamkuta analigawa.

Mimi ni fundi wa vifaa vya umeme, na yeye anaandika programu za kompyuta. Kampuni yetu, ukiondoa majina makubwa, ni sisi wawili na meza mbili katika chumba kilicho juu ya duka la saruji. Tunatengeneza kisanduku kidogo kinachofungwa kwenye mashine ya kutotolea vifaranga. Joto likishuka au umeme ukikatika, kisanduku kinamtumia mfugaji ujumbe kwenye simu kabla mayai yake hayajaharibika. Mwili wa kisanduku nautengeneza mimi, akili anaitia Chiriku. Wafugaji wa mji wetu mdogo walikipenda, wakaambiana, mpaka tukapata wateja mia mbili na ushei, na chumba kikaanza kutubana. Kila mfuko wa saruji unapobwagwa dukani, vumbi linapanda ngazi kutufuata, nami naanza upya kupiga brashi nyaya zangu.

Basi likazuka swali. Ofisi ya kweli iwe wapi?

Chiriku alikuwa amekwenda mji mkubwa kwa mafunzo ya siku tatu ya kampuni changa. Alirudi na begi lake, na kalamu ya bure, na huyo mwanamke kichwani. Mwanamke huyo alikuwa msimamizi wa jengo zima lililotengwa kwa kampuni kama zetu, na alikuwa ametupa nafasi ya kuchukua chumba ghorofa ya tatu. Mimi nikambatiza Miwani, kwa siri, rohoni mwangu.

"Dada yule anasema wawekezaji hawapandi ngazi za duka la saruji," Chiriku akaniambia.

"Wana matatizo ya magoti?"

"Dada! Anasema tukitaka kuajiri mtu wa pili wa programu, watu hao wako kule. Hawahamii huku."

Siku moja niliamua kuhesabu. "Dada yule anasema" zilikuwa kumi na moja kabla ya saa sita mchana. Hata chai alianza kuinywa bila sukari, eti dada yule haweki sukari. Mimi niliyemlea kwa uji wa sukari vijiko vitatu nikatazama kile kikombe, nikasogeza kopo la sukari upande wangu.

"Na wateja je?" nikamwuliza. "Wateja wako huku, na fundi wao hawezi kuwahama. Kuku hawapandi lifti."

Akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Ndiyo maana nasema tupime, dada. Tufanye kama siku zote."

Kama siku zote maana yake ni karatasi. Mama ndiye aliyetuzoesha. Tulipogombania kitanda cha dirishani, alimpa kila mtu karatasi, akasema andika unachotaka na kwa nini, kunja, mtafungua pamoja. Tulipoanzisha kampuni tukaifanyia ukarabati ile njia. Kila mmoja ana alama mia. Anazigawa peke yake, bila kumwonyesha mwenzake, kwenye mambo anayoona yana uzito. Hakuna orodha ya kufuata. Ukiona rangi ya ukuta ina uzito, iandike. Karatasi zinafungwa kwenye bahasha kabla ya kwenda kupima, ili mtu asije akaona matokeo kisha akapindisha uzito wake. Vipimo vikishapatikana, bahasha inafunguliwa, kila mahali panapewa sifuri hadi kumi kwa kila jambo, tunapiga hesabu ya karatasi zote mbili, na mahali palipopata alama nyingi zaidi ndipo hapo. Tulichagua hivyo bei ya kisanduku. Tulichagua hivyo hata mteja wa kumkataa.

Nikachukua karatasi yangu nikaenda kukaa kwenye ngazi. Nilijua Chiriku atampelekea yule Miwani habari zote, na sikutaka nionekane fundi wa mji mdogo asiyejua kampuni zinavyoendeshwa. Nikaandika kitaalamu. Intaneti, thelathini na tano. Umeme, thelathini. Wateja kuwa karibu, ishirini. Ukubwa wa chumba, kumi na tano. Mia kamili. Nilijisifu kabisa. Nikaikunja, nikaitia kwenye bahasha pamoja na ya kwake, nayo bahasha tukaifungia kwenye droo ya skrubu.

Kwa kupima tulichukua visanduku vyetu wenyewe viwili. Chiriku akavibadilishia programu kidogo ili kwa siku saba viandike kila umeme unapokatika, na kila saa vijaribu intaneti ya mahali vilipo. Kimoja tukakifunga hapa juu ya saruji. Cha pili tukakipeleka mji mkubwa.

Nilikwenda nikiomba kile chumba kiwe kibovu. Hakikuwa kibovu. Madirisha yalifunguka bila kupigwa ngumi. Soketi zilikuwa nane, nikazijaribu zote nane, hakuna hata moja iliyorusha cheche. Viti vilikuwa na magurudumu. Umeme ulikatika mara moja tukiwa tumesimama pale, na kabla sijamaliza kufurahi, jenereta ikashika na taa zikarudi. Nikatoa simu nikapima intaneti kwa faragha, nikiwa nimewapa mgongo. Kasi yake ilinitia kizunguzungu. Hapo ndipo nilipoikumbuka karatasi yangu. Umeme thelathini, intaneti thelathini na tano! Kwa kujifanya mtaalamu, nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe barua ya kumhamisha mdogo wangu.

Kisha Miwani akaingia. Ningependa kuwaambia alikuwa na maringo, lakini sikuyaona, ingawa niliyatafuta. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Karibu sana. Wewe ndiye fundi mwenyewe? Huyu ametusimulia habari zako mpaka tumechoka."

Hata ukarimu wake ulinichoma. Karibu ya nini, na huyu ni wangu? Halafu akafanya jambo dogo sana. Chiriku alikuwa na uzi mweupe begani, umetoka kwenye kiti cha gari. Miwani, huku akiendelea kuongea, akanyoosha vidole akautoa, akaukunja, akautia mfukoni mwake. Chiriku hata hakushtuka. Mtu hashtuki anapotolewa uzi na mtu aliyemzoea.

"Dada, twende tukanywe chai," Chiriku akasema.

Tuligeuka wote wawili. Alikuwa anamtazama mwenzangu.

"Nyie tangulieni," nikasema. "Namalizia kufunga kisanduku."

Sauti za viatu vyao zilipofika ngazi ya chini, nilitoa bisibisi. Nilifungua kifuniko cha kisanduku, nikashika waya wa antena, nikauchomoa nusu. Ukiuchomoa wote kisanduku kinanyamaza na mtu anagundua. Ukiuchomoa nusu kinahangaika, kinapata mtandao, kinaukosa, kinapata, kinakosa, na lawama inaliangukia jengo. Mambo hayo anayajua fundi tu. Mikono yangu haikutetemeka hata kidogo, na hilo linanitisha mpaka leo.

Kuna kitufe kidogo chini ya kifuniko. Nacho ni kazi yangu. Wafugaji walikuwa wanafungua visanduku wanatoa betri za kutilia kwenye tochi, kisha wanakuja juu na uso mkavu kulalamika kwamba kifaa ni kibovu. Mzee mmoja aliniambia, "Mimi sijagusa, labda jogoo." Nikaweka kitufe. Ukifungua kifuniko, kisanduku kinamtumia ujumbe mwenye namba iliyosajiliwa, kikitaja saa na dakika. Nilikiona kile kitufe, sikujali. Kisanduku cha kupimia hakina mwenyewe, nikajiambia, na kisicho na mwenyewe hakina wa kumtumia ujumbe. Nikafunga skrubu nne, nikafuta alama za vidole vyangu, nikashuka.

Chiriku alikuwa ameinamia simu. Aliinua kichwa akanitazama.

"Umemaliza, dada?"

"Nimemaliza."

"Hakuna shida yoyote?"

"Shida itoke wapi?"

Akaiweka simu mfukoni. Miwani akanimiminia chai na kunisogezea bakuli la sukari. Nikaikataa sukari, Mungu anisamehe, ili nisizidiwe.

Njiani kurudi, Chiriku hakuongea. Saa nne nzima, mtoto huyu aliyewahi kuzungumza usingizini, kimya. Mimi nikatafsiri kivyangu kwamba anamlilia Miwani wake, na roho ikazidi kuniuma.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Kila asubuhi kisanduku cha mji mkubwa kilituma ripoti na kila ripoti ilikuwa mbaya kuliko ya jana, nami nilijitia hamnazo. Chiriku alikuwa anafika, anaweka begi, anavuta kiti, kisha anauliza swali lilelile.

"Dada, una neno?"

"Neno gani?"

"Basi."

Anageukia kompyuta. Siku ya tatu nilianza kuingiwa na shaka kwamba yeye ndiye mwenye neno, kwamba wameshakubaliana na Miwani na anatafuta pa kuanzia kuniambia. Simu yake ikilia, natega sikio. Akitabasamu kwenye kioo cha simu, najua anatabasamu kwa nani. Hata mwenye duka la saruji aligundua, akasimama chini ya ngazi akapaza sauti.

"Huko juu leo kimya! Mmegombana au mmeokoka?"

"Tunafanya kazi!" nikamjibu.

"Basi ndiyo mara ya kwanza!"

Zamani Chiriku angetoka kumrudishia. Safari hii hakuinua hata kichwa.

Siku ya saba, baada ya chakula cha mchana, tulikaa. Chiriku alisoma vipimo. Hapa petu umeme ulikuwa umekatika mara tisa, intaneti ya wastani, ya kusukumasukuma. Mji mkubwa umeme haukukatika kwa zaidi ya dakika moja, lakini intaneti ilikuwa imepotea mara sitini na nne.

"Ajabu," nikasema. "Jengo zuri namna ile!"

Chiriku alifungua droo, akatoa bahasha, akaichana. Akaichukua karatasi yake kwanza, akainyoosha mezani, akaielekeza kwangu ili niisome mwenyewe.

Mwandiko wake mbaya kama siku zote. Mstari wa kwanza: Kuwa pamoja na dada, arobaini. Kisha wateja, ishirini na tano. Umeme, ishirini. Intaneti, kumi na tano.

Nilisoma mara mbili. Arobaini!

"Kwenye huo mstari wa kwanza, kule nilipaandikia sifuri," Chiriku akasema. "Hapa nikapaandikia kumi. Piga hesabu unavyotaka. Hata intaneti ya kule ingekuwa kama umeme wa radi, hapa pangeshinda. Nilitaka tu twende tupime, ili dada yule nikimwambia hapana, iwe hapana yenye sababu. Ametutendea wema."

Nilifurahi. Naliandika bila kujitetea. Kabla ya aibu, kabla ya chochote, nilifurahi kumshinda mwanamke ambaye hakujua kwamba tunashindana. Sifuri! Nilimwona na miwani yake nyekundu ameshika sifuri. Nilikuwa tayari kucheka.

Chiriku akaiweka simu yake juu ya karatasi. Ulikuwa ujumbe wa wiki iliyopita, nami maneno yake niliyajua kwa moyo, maana niliyatunga mimi. *Kifuniko cha kisanduku kimefunguliwa. Saa tano na dakika arobaini na mbili.*

"Niliweka namba yangu njiani tukienda," akasema. "Mazoea tu. Nilikuwa nimeshika kikombe. Dada yule akaniuliza mbona nimeshtuka. Nikamwambia kuna mfugaji kaiba betri."

Masikio yangu yalipata moto. Alikuwa amenidanganyia. Pale pale, mbele ya yule mtu, bila kujua nilichokifanya ni nini, alikuwa ameshanifunika.

"Mbona hukusema?" nikauliza.

"Nilikuwa nasubiri useme wewe. Siku saba, dada. Kila asubuhi nilikuuliza una neno."

"Nitakirekebisha. Tutapima upya."

"Tupime nini?"

Nikatoa jibu lililokuwa karibu na moyo. "Nilifanya vile kwa sababu sikutaka uondoke. Unaelewa? Niliona anakutoa uzi begani nikachanganyikiwa. Umeme, intaneti, hayo yote hayakuwa kitu kwangu. Nilikuwa nafikiria wewe tu. Tangu mwanzo, wewe tu."

Uso wake ulilegea kidogo. Naapa niliuona unalegea. Akaivuta karatasi yangu, ambayo bado ilikuwa imekunjwa.

"Basi utakuwa umeniandika," akasema.

Nilinyoosha mkono kuizuia, nikachelewa. Aliikunjua. Alisoma mistari minne polepole, kidole kikishuka. Alipofika mwisho akaigeuza nyuma. Nyuma kulikuwa kweupe. Akaigeuza tena mbele.

"Mimi niko wapi hapa, dada?"

"Nilitaka iwe ya kitaalamu."

"Mbele ya nani? Karatasi tunazisoma sisi wawili."

Ningemwambiaje? Kwamba niliiandika ili isomwe na Miwani? Kwamba katika alama mia zote, yule mwanamke nilimpa mia, na yeye sikumwachia hata moja? Nilichukua kalamu, nikaishika juu ya karatasi kama mtu aliyechelewa mtihani. Chiriku aliitazama ile kalamu, akatikisa kichwa taratibu, nikaiweka chini.

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua pa kushika, maana makelele yake nimeyalea mimi. Alichomoa waya wa kompyuta akauzungusha mkononi. Akatia kwenye begi daftari, chaja na sweta lake lililotundikwa kwenye kiti.

"Ofisi ibaki hapa," akasema. "Hesabu imesema hivyo, na ingesema hivyo hata vipimo vingekuwa vya kweli. Isajili kwa anwani hii. Mimi nitafanyia kazi kule."

"Kwake?"

"Kule, dada. Ghorofa ya tatu. Wewe unda visanduku hapa, programu nitazituma kwa mtandao. Una intaneti ya wastani, itatosha."

"Chiriku, chumba hiki nakifanyia nini peke yangu?"

"Si umekipigania?"

Alilisema bila ukali, kama mtu anayeuliza njia. Nilimfuata mpaka mlangoni. Huko chini mwenye duka alikuwa anabwaga mifuko, na vumbi lilikuwa limeshaanza kupanda. Nilitanua mikono nimkumbatie, nimwombe msamaha sikioni, hapo ambapo alipokuwa mdogo nilikuwa namnong'oneza kila kitu.

Yeye alihamishia begi bega la pili na kunipa mkono.

"Haya fundi, kwaheri," akasema, kama wanavyoniaga wateja, akashuka ngazi.